Breki Zilikuwa Nzima

Lori lilitoka barabarani mchana kweupe, kati ya Makanya na Same, likaingia kwenye shamba la mkonge na kusimama limeegemea upande. Nilizindukana kwa sauti ya abiria wangu, mama muuza tangawizi niliyempakia Hedaru. Alikuwa ameushika mkono wake, akisema umevunjika.

Tajiri mwenye lori alifika kabla ya trafiki. Akanivuta pembeni.

"Sema breki zimekatika," akaniambia. "Nani atakataa?"

Hakuna ambaye angekataa. Miaka ya shida ya vipuri magari yalitembea kwa waya na sala. Biashara ilipofunguliwa yakaingia malori yaliyochakaa kutoka nje, na wenye nayo hawakutaka yapumzike. Lakini breki zangu alizifunga juzi yake fundi mmoja wa stendi ya Same, mtu wa Singida aliyekuja kukata mkonge akaishia kwenye spana. Hakuwa na ndugu mjini. Ningetaja breki, angelala ndani yeye.

"Breki ni nzima," nikamwambia trafiki. "Nilisinzia."

Tajiri akadai nimejigonga kichwa, sijui nisemalo. Nikarudia. Trafiki akapanda, akakanyaga breki mwenyewe, akaandika.

Leseni ikachukuliwa, na kazi ikaishia hapo hapo. Huko kwetu milimani ukoo ukakaa kikao.

"Mwanangu," akasema baba mdogo, "mtu mzima halali ameshika usukani. Huu ni mkono wa mtu."

"Baba, nakuheshimu. Lakini sikurogwa. Nililala."

Wengine wakasema basi ni pombe. Nilikuwa sinywi, nao walijua.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, maana ndiye aliyekuwa akinisikia: nakoroma, nanyamaza kama maiti, kisha nashtuka kama mtu aliyeibuliwa majini. Daktari alimsikiliza yeye kuliko mimi. Akasema koo langu hujifunga nikilala, pumzi inakatika, mwili unaamka mara nyingi bila mimi kujua. Ndiyo maana mchana usingizi unanidai. Dawa hakuwa nayo. Akaniagiza nisilale chali, nipunguze mwili, nisiguse usukani. Mke wangu akashona gunzi la hindi mgongoni mwa fulana yangu ya kulalia. Nikigeuka chali, linanichoma.

Kisha nikamwendea yule mama, mkono wake ukiwa bado kwenye plasta. Nikamwamkia, akaitikia.

"Ulijua unasinzia?" akaniuliza.

"Nilijua tangu Hedaru."

"Mbona hukusimama?"

"Nilimwogopa tajiri."

"Na mimi nilikuona kichwa kinayumba. Nikaogopa kukuambia."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kunyang'anywa leseni. Wiki ile ile nikashuka Same, nikamkuta dereva mpya akipakia magunia, macho mekundu, tajiri kasimama kando yake.

"Ukisinzia, simamisha gari," nikamwambia dereva. "Lala hata nusu saa. Mzigo utasubiri."

"Toka hapa," akasema tajiri. "Unaniharibia kazi."

Nikatoka. Wiki iliyofuata nikarudi, nikamwambia tena, safari hii kwa sauti, na madereva wengine wakisikia.