Moja ya Sekondari

Mawese yakichemka huwa na harufu nzito inayoingia kwenye nguo na kukataa kutoka, hata ukifua kwa sabuni ya mche na kuanika juani siku nzima. Mwaka ule nilikwenda nayo kila mahali, kwa sababu darasa letu lilikuwa chini ya paa la kinu cha mawese cha Bakari, kijijini Mwamgongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Gombe. Pipa la mafuta lilichemka upande mmoja, nasi tukakaa upande wa pili juu ya magogo ya michikichi. Ubao wetu ulikuwa ubavu wa mtumbwi mkuukuu, tulioupaka unga mweusi wa betri zilizokwisha uliopondwa pamoja na majani ya muhogo. Ukikauka vizuri, chaki ilishika kama kwenye ubao wa dukani.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa. Shule za sekondari zilikuwa mjini Kigoma, mwendo wa saa nyingi kwa boti, na nafasi zilikuwa chache kuliko watoto wa darasa moja la kijijini. Aliyekosa alirudi kwenye dagaa au kwenye muhogo, na hapo habari yake ikaisha. Lakini ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kila juma mitumbwi ilishuka kutoka Burundi na watu waliobeba magodoro, sufuria na watoto. Wengi walipelekwa kambini. Wachache wenye ndugu kwetu walibaki kwanza kwa ndugu zao. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Nestori, aliyekuwa akifundisha hisabati sekondari huko kwao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tulikuwa wagonjwa wa kutojua. Hakuomba chochote ila chaki. Tukawa kumi na tisa, mimi na mama yangu tukiwa tumekalia gogo moja.

“Mama Fides, mwambie binti yako asikuangalizie,” Bakari alipenda kusema huku akikoroga pipa.

“Wewe koroga mafuta yako, shemeji. Tangu lini mwenye kupata alama moja moja kama mimi akaangaliziwa?”

Bakari alikuwa wa mwisho darasani na hakujali. Mwandiko wake ulikuwa kichekesho chetu. Mwalimu Nestori aliandika kwa mkono mzuri ajabu, tarakimu zake zikiinama pamoja kama mpunga kwenye upepo. Moja yake haikuwa kijiti kama tulichofundishwa shule ya msingi; ilianza chini, ikapanda kwa mstari mrefu, kisha ikashuka wima. Saba yake ilikatwa katikati kwa kistari, nasi tukasema imevaa mkanda. Hakuna aliyetwambia, lakini wote tuliamini kwamba hiyo ndiyo moja ya sekondari, kwamba mtu akivuka darasa la saba hata tarakimu hukua. Nilijaza kurasa nzima kuuzoesha mkono. Ni Bakari na mzee mmoja mvuvi tu walioendelea na kijiti, nasi tukawacheka: “Hao bado wako msingi!”

Ndipo afisa elimu akaja kutoka mjini. Alitazama ubao wetu, akauliza maswali, akatoa sharti. Atatuletea jaribio la hisabati. Nusu yetu tukifaulu, atatuandikisha kuwa kituo cha elimu ya watu wazima, tuletewe vitabu vya sekondari na tufanye mitihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Tukishindwa, kinu kibaki kinu. Tulisoma majuma matatu kama watu wanaofukuzwa. Mama alikariri kanuni za eneo huku akigeuza dagaa mchangani.

Matokeo yalifika kwa boti ya abiria, pamoja na karatasi zetu zilizosahihishwa. Waliofaulu walikuwa wawili: Bakari na yule mzee mvuvi.

Wengine walilia, wengine wakasema ndivyo tulivyoandikiwa. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. “Bakari?” aliuliza. “Bakari huyu anayesema robo ni kubwa kuliko nusu?” Akanitaka nikusanye karatasi zote. Nilizipanga juu ya mkeka, swali la kwanza chini ya swali la kwanza, la pili chini ya la pili. Nikaona kwamba pasipo na moja tulipata, na penye moja tulikosa. Karibu kila jibu lilikuwa na moja ndani yake. Msahihishaji alikuwa amesoma moja zetu zote kuwa saba.

Kuuliza si ujinga. Kesho yake alfajiri tulipanda boti hadi Kibirizi, zinakotia nanga boti za mjini Kigoma, karatasi zikiwa kwenye mfuko wa plastiki kifuani mwa Mama. Afisa alitusikiliza akiwa ameshika kalamu.

“Mama, hapa pameandikwa mia saba ishirini na saba.”

“Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, sasa nawe pokea hili. Hiyo ni mia moja ishirini na moja. Saba yetu imevaa mkanda. Huyo yuko uchi, kwa hiyo ni moja.”

Afisa alicheka hadi akavua miwani. Kisha akanipa chaki, akaniuliza maswali sita, nikayajibu kwa mdomo na ubaoni. “Leo mpo hapa kunieleza,” alisema. “Siku ya mtihani wa taifa, mtamweleza nani?” Akatupa juma moja na jaribio jipya.

Tulirudi na habari ile kwa Mwalimu Nestori. Aliukaribia ubao wake, akaigusa moja iliyoandikwa pale. “Basi nimewafundisha kosa,” alisema.

“Umetufundisha hesabu, Mwalimu,” Mama akajibu. “Tunabadilisha nguo tu.”

Akafuta ubao kwa kiganja. Akaandika vijiti, mstari mzima, vya kwanza vikitetemeka kama vya mtoto, na sisi tukaandika pamoja naye. Bakari alipita akikagua. “Nyoosha, Mwalimu, nyoosha!” Kumi na sita tulifaulu. Vitabu vilipofika, Mwalimu Nestori alikuwa ameshahamishiwa kambini upande wa Kasulu, nasi tukasoma kwa zamu, aliyeelewa ukurasa akimfundisha asiyeuelewa. Nilimaliza kidato cha nne bila kukaa hata siku moja kwenye dawati.

Leo kata ina sekondari ya matofali na bati, na watoto hawahitaji boti ili wajifunze aljebra. Ni jambo kubwa, wala sitalidogosha. Lakini saa kumi jioni madarasa yanafungwa kwa kufuli, na wasichana walioacha shule wakanyonyesha, na wavuvi walioishia la saba, hupita nje wakiyatazama. Zamani tulikuwa na walimu bila kuta. Sasa tuna kuta, na tumeanza kuchagua nani aingie. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule hiyo. Nimeandika barua kuomba vyumba viwili kila jioni, na nimeambatisha majina ya watu ishirini na watatu, wakiwamo wavuvi waliochonga madawati ya shule hiyo. Mkuu wa shule ameniuliza nani atalinda madawati. Nimemjibu kwamba yatalindwa na walioyachonga.