Mkimbizi wa Nakivale niliyetamani kuwa polisi

Wakuu, salamu kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kama kuna askari humu, naomba mnisome hadi mwisho, swali langu linawahusu.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini. Nilifika hapa nikiwa mdogo, sasa nina kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha pale sokoni Misiera.

Siku moja ya soko watu walimzingira Mrundi mmoja, muuza chapati. Alikuwa amebeba mtoto anayelia, na mtoto si wake.

Mtu akapiga kelele, "Mwizi wa watoto!" Mawe yakaanza kuokotwa.

Bahati yake polisi walikuwa karibu. Wakamtoa pale, wakampeleka kituoni. Na mimi nikabebwa kama shahidi, maana yote yalianzia mbele ya kibanda changu.

Aliyenihoji ni koplo mmoja, mwanamke Mnyankore. Nitamwita Afande Kemi, si jina lake.

"Wewe naona nini?"

"Nilimuona anakamata mutoto, afande. Akamukamata, akaenda naye."

Askari mwenzake akamgeukia yule Mrundi. "Nasikia? Wewe nakamata mtoto ya watu!" Kwake kesi ilikuwa imeisha.

Sasa hapa tuelewane wakuu. Kwetu Kongo "kukamata" ni kuchukua tu. Kamata chai, kamata kiti. Kwa Kiswahili cha polisi wa huku, kukamata ni kushika mtu kwa nguvu. Nilikuwa namfunga mtu na sijui.

Afande Kemi akainua mkono. "Ngoja kwanza." Akavua jaketi lake, akaliweka chini. "Hii iko mtoto. Onyesha mimi vile nakamata."

Nikainama, nikaliinua polepole, nikaliweka begani, nikalipigapiga mgongoni.

Akaniangalia. "Halafu? Nakimbia?"

"Hapana. Alikuwa anauliza batu, mutoto wa nani."

"Sasa mbona wewe hasemi?"

"Hamukuniuliza."

Haikupita muda mama wa mtoto akaingia analia. Alikuwa ametoka Rugaaga kuuza ndizi, mtoto akampotea sokoni. Mrundi aliachiwa. Alinishika mkono kunishukuru. Niliona aibu kidogo.

Wakuu, kile kitu hakikunitoka kichwani. Nilizoea kuona polisi ni bunduki na pingu. Kumbe kuna askari anayetandika jaketi sakafuni ili ajue ukweli!

Nikarudi kumuuliza Afande Kemi alichaguaje hii kazi.

"Mimi nazaliwa barracks, Mbarara. Mzee alitaka mimi iende jeshi. Lakini mimi napenda kuuliza-uliza sana. Jeshi hapana penda maswali mingi." Akacheka mwenyewe.

Basi nikapanda gari hadi Mbarara kuulizia namna ya kujiunga. Afisa niliyemkuta alinijibu kwa upole kabisa: lazima uwe raia wa Uganda. Wakati wa kurudi nilizama kwenye mawazo, hata mji wa Kaberebere tulipita sijui.

Afande Kemi aliponiona vile akaniambia wanatafuta mkimbizi wa kutafsiri kituoni. Hakuna cheo, hakuna bunduki. "Lakini kuuliza iko," akasema.

Kikwazo kikabaki baba. Nilimkuta shambani anapalilia maharage, nikamweleza.

"Batu ba uniforme ndio balitufukuza kwetu," akasema. "Na weye unataka kuikala nabo pamoja?"

Nikamsimulia habari ya jaketi. Akaegemea jembe.

"Ule mwanamuke alikuuliza mara ya pili?"

"Ndiyo, papa."

Akafuta udongo kwenye jembe. "Siye kule, hakuna mwenye alituuliza hata mara moja." Akarudia kulima. Halafu, bila kuniangalia: "Enda. Lakini siku utaacha kuuliza, rudi hapa ku shamba."

Nimeanza. Asubuhi niko kituoni, mchana kibandani. Nilichojifunza ni kwamba kazi unaweza kuipenda kabla hujajua kama itakupokea. Uraia sijui kama nitaupata, na polisi wa kweli huenda nisiwe kamwe.

Askari mliomo humu, ninyi mliichaguaje hii kazi? Na bado mnauliza, au mmeshachoka? Nasoma kila comment.