Jiwe la Kichwani mwa Nyoka

Mnisamehe mwandiko wangu uliopinda, na herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu unakwenda polepole.

Bibi ndiye aliyenilea hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, baada ya kukimbia Kivu ya Kusini tukiwa wawili tu. Jioni, tukitoa maharagwe kwenye maganda, alinisimulia hadithi moja. Nyoka wa ziwani ana jiwe kichwani, linang'aa kuliko mwezi. Akiwinda hulitua majanini, aone kwa mwanga wake. Msichana yatima aliyepotea akalifunika kwa chungu. Nyoka akalia: "Nirudishie. Bila jiwe sioni njia ya kwetu." Lakini jiwe lile humwonyesha njia ya kwao yeyote anayelishika, na msichana naye alitaka kurudi kwao.

Kila baada ya maneno machache ilinipasa kuitikia "eeh". Nikinyamaza, bibi naye alinyamaza, na kesho yake alianza upya. Alisema hadithi si kamba, haiungwi katikati. Nami nilishinda shambani. Usingizi ulinichukua kila mara kwenye kilio cha nyoka. Mwisho sikuufikia kamwe, na bibi tumeshamzika. Siku hizi nikila, hakuna wa kuniuliza kama nimeshiba.

Niliwauliza wamama wanaouza samaki kule Misiera, kando ya ziwa. Mmoja alipiga makofi: "Batu banatafuta bunga, weye kijana unatafuta mwisho wa nyoka!" Wote wakacheka, maana watu wanahangaikia unga wa kula. Niliondoka bila samaki.

Nilipopeleka maharagwe mjini Mbarara, nilipita mtaa wa Kakoba kwa mzee Mwislamu anayeuza pete za mawe. Nilisimama pembeni mpaka wateja wakaisha.

"Kijana, unanunua au unanilindia duka?"

Nikamweleza. Akaiweka chini pete aliyokuwa akiisugua.

"Kwetu nyoka anakufa, na mwenye jiwe anakuwa mfalme."

"Hapana, mzee. Ya bibi haina mfalme."

"Basi msichana alifanya nini?"

"Ndilo ninalolitafuta, mzee."

 Akamgeukia mteja aliyeingia.

Jioni nasimulia peke yangu, naitikia mwenyewe, nakwama palepale. Naweza kutunga mwisho, lakini utakuwa wangu, si wa bibi. Kama kwenu nyoka huyu alisimuliwa, tafadhali niandikieni: msichana alilifunua jiwe, au aliondoka nalo? Hata mistari miwili inatosha.