Faili la Kuwashia

Mwaka ule wa 2013 nilikuwa nimechoshwa na kila kitu: chaki, vumbi la Kasulu, na ndoa ya simu. Mimi nilipangiwa kufundisha Kasulu, mume wangu akapelekwa maabara ya hospitali Kibondo. Tuliomba uhamisho, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri.

Alipokuja kunitembelea tulikuwa tunatazamana tu, basi nikapata wazo. Enzi za uchumba tulikuwa tukicheza mpira kwenye mashine yake ya gemu, ananifunga bila huruma. Mashine alikwenda nayo Kibondo, diski nikabaki nayo mimi. Mwalimu mwenzangu akaniwekea kwenye kompyuta programu ya kuiga mashine ile. Nikaiwasha, ikagoma. Ilitaka faili la kuwashia, lile linalokaa ndani ya mashine yenyewe na kuiamsha kabla ya gemu lolote.

Mwenye duka la intaneti, mtu wa Tanga, alikataa kunitafutia mtandaoni. Alisema ameshawashushia watu wawili, wakaambulia virusi, na tena faili la halali hutolewa kwenye mashine yako mwenyewe. Fundi anayeijua kazi hamalizi hata saa moja.

Nikampigia mume wangu atafute fundi wa kulitoa. Akasema sawa, fundi yupo. Jumapili iliyofuata umeme ulikuwa umekatika. Iliyofuata, fundi alikuwa amekwenda Gwarama kumzika shangazi yake. Jamani, yule fundi alizika mashangazi watatu! Wa kwanza nilitoa pole. Wa tatu nikamwambia mume wangu amnunulie fundi sanda jora zima, aweke akiba. Akacheka. Tukishagombana kuhusu faili tulikuwa tunaendelea kuongea: kala nini, mvua imenyesha wapi, paka wa jirani kazaa wangapi. Kisha nakata, hasira zangu palepale.

Shule zilipofungwa nikapanda basi na kompyuta mapajani, bila kumwarifu, nikalitoe mwenyewe. Nilifika Kibondo vumbi mpaka kwenye kope. Hata maji sijanywa, nikauliza mashine iko wapi.

Akakaa kwanza. Akaniambia aliigawa mwaka mmoja nyuma, kwa mwenzake aliyehamishwa. Faili halikuwepo, na fundi hakuwahi kuwepo.

Hasira zilinipanda. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu siku ya kwanza.

"Kabla ya hilo faili, nikikupigia ulikuwa unasema umechoka, unakata," akasema. "Ulipoanza kulitafuta ukawa unapiga wewe. Ningekwambia halipo, ungenipigia kuuliza nini?"

Nilitaka kukana, lakini nikaikumbuka siku aliyonipigia akiwa amelazwa na malaria, wodini kwao. Siku hiyo pia nilimwambia nimechoka.