Rudisha Tena Pale kwa Bibi

Mpaka leo nikipita njia ya Hasamba vitoto ambavyo hata kamasi havijui kufuta hukanyaga hewa kama vinaendesha baiskeli, kisha hujitupa majanini vikicheka, na siwezi kukipiga hata kimoja kwa sababu vinasema kweli. Aibu ni yangu. Basi bora mnisikie mimi mwenyewe, maana wengine watawaongezea.

Gari la sinema la serikali huja kwetu mara moja kwa mwaka, msimu wa kahawa, na kila mwaka huja na mkanda uleule wa choo. Kuna mjinga anayejisaidia vichakani anaugua, kuna mwerevu anayechimba choo ananenepa, basi. Tumeuona mpaka yule mwerevu tunamjua kuliko wajomba zetu (mbwa wake tumempa jina). Kwa hiyo safari hii, jioni, shuka jeupe limetundikwa uwanjani pa shule, mjinga alipoanza tu kushika tumbo nikasimama nami nikashika langu, nikapayuka, "Jamani, huyu mwaka wa nne anaharisha, mpelekeni hospitali! Tunataka nyingine!"

Watu wakavunjika mbavu. Darasa la saba lote likaanza kupiga makofi, nyingine, nyingine, mpaka na wazee wakaingia.

Mtu wa mashine, kijana mpole mwenye kofia ya kaki, akazima mkanda. "Nyingine ninayo moja tu," akasema kwenye kipaza sauti. "Ile tuliyopiga hapahapa kwenu mwaka jana, wakati wa kuchuma. Haina maneno."

"Weka!" (Ni mimi. Kwa mdomo wangu huu.)

Laiti ningeikumbuka vizuri siku ile ya mwaka jana! Wageni walipokuwa wakipiga picha shambani, na Mwalimu Yona amesimama mbele ya kamera na tai yake, niliiazima baiskeli yake bila kumsumbua kwa maswali, nikaiteremsha mlimani, ikanishinda, tukaingia wote wawili katika shimo la maganda ya kahawa. Niliiacha humo nikakimbia. Aliyechapwa ni rafiki yangu Lazaro, kwa kuwa kuifuta baiskeli ilikuwa kazi yake, akapalilia bustani ya Mwalimu muhula mzima, na mimi kila jioni nikipita pale kumpa pole.

Basi shuka likawaka, na humo ndani mlikuwa na mlima wetu, mibuni yetu, watu wetu, kila mmoja akimwonyesha wake kwa kidole. Halafu akatokea Bibi.

Bibi mzaa mama, tuliyemzika kabla ya mvua za kwanza. Alikuwa amesimama na kitambaa chake cha kichwa, mzima, mkubwa kama nyumba, anachuma, vidole vinakwenda mbio vilevile. Vidole vyote vilivyokuwa vikionyesha vikashuka. Nilisahau hata kufunga mdomo. Mama akainuka, akatembea mpaka kwenye shuka, akanyoosha mkono, na mkono wa Bibi ukaja ukatua juu ya mkono wake. Bibi akageuza kichwa, akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja, akapita.

"Mwanangu," Mama akamwambia yule kijana, "rudisha pale kwa mama yangu."

Kijana akabonyeza kitu, mkanda ukaenda kinyumenyume. Bibi akawa anarudisha kahawa mtini, punje kwa punje, na huko juu nyuma yake kitu kikaruka kutoka shimoni kama chura, kikatua juu ya baiskeli, kikapanda mlima matako mbele.

Nikainamisha kichwa, maana kile kitu nilikijua.

Mara ya kwanza hakuna aliyekiona, macho yote kwa Bibi. Mara ya pili mtoto mmoja akauliza, "Yule anayeruka ni nani?" Mara ya tatu Lazaro, niliyekaa naye bega kwa bega, akaninong'oneza, "Kumbe wewe. Na pole ulikuwa unanipa." Mara ya nne Mwalimu Yona akasimama: "Ile ni baiskeli yangu!" Hapo uwanja ukagawanyika, nusu wanalia rudisha kwa Bibi, nusu rudisha kwenye baiskeli, na wote wanataka palepale.

Mwalimu akanijia, akalishika sikio langu, wala hakulivuta. "Zakaria. Tuzime?"

Nikamtazama Mama. Mkono wake ulikuwa bado kwenye shuka.

"Rudisha tena, Mwalimu."

Safari hiyo sikujitazama mimi, nilimtazama Bibi machoni. Hakuwa akiichekea kamera. Aligeuka, akatazama moja kwa moja shimoni, miguu yangu ikiwa juu, ndipo akacheka. Nikakumbuka jioni ile alivyonifulia kaptula inayonuka maganda, mara mbili, akanipakulia chakula, asiniulize neno. Alijua, na alikwenda nalo kaburini.

Asubuhi nilichapwa idadi ileile ya Lazaro, na bustani sasa napalilia mimi. Lazaro hukaa juu ya ukuta, ananipa pole.

Nimeapa mkanda wa choo sitausema tena, hata mjinga aharishe miaka kumi. Lakini yule kijana akija mwakani akauliza nani anaitaka ile nyingine, mkono wa kwanza juu utakuwa wangu, hata Mwalimu akiwa ameshika sikio.