Namba Ishirini na Nne ya Migori

Mjukuu wangu hufanya kazi ya seva pale Migori mjini. Siku aliponieleza kazi hiyo, nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Nyanya, seva ni kompyuta tu," alisema. "Lakini hii haizimwi. Inangoja. Simu yako ikiomba kitu, picha ama barua, seva inapokea ombi, inatafuta, inakurudishia. Watu mia wakiomba pamoja, inahudumia wote."

"Hiyo kazi nimeifanya kabla baba yako hajazaliwa," nikamwambia.

Na sikuwa natania. Miaka ya sitini nilikuwa mwanamke pekee kwenye swichibodi ya simu, Homa Bay. Nyaya za maofisi na maduka, hata za Migori, ziliishia kwenye ubao mbele yangu, kila moja na tundu lake na namba yake. Mtu akizungusha mkono wa simu kwake, kwangu kibati kidogo kinaanguka: anaomba. Namuuliza anamtaka nani, nachomeka waya kwenye tundu la huyo, wanaongea. Kwenye zamu yangu, nikiinuka kunywa maji, mji mzima unakuwa bubu. Nilijiona mkubwa, na kusema kweli nilikuwa mkubwa.

Shida ilikuwa moja. Watu hawakuomba namba, waliomba majina, na bosi wetu alitaka turudie jina kwa sauti ndipo tuunganishe. Sasa, baba mkwe wangu alikuwa na duka Migori, na duka lilikuwa na simu. Kwetu Wakuria mke hatamki jina la baba mkwe, hata nyumba ikiwaka moto. Basi jina lake likiombwa, nilisema, "Ishirini na nne, subiri." Na ili nisionekane nabagua, nikawafanyia wote hivyo hivyo.

Bosi akadhani ni kiburi. Siku moja ya soko akaja kusimama nyuma yangu. Mteja akaomba kuunganishwa na baba mkwe wangu.

"Rudia jina," bosi akasema.

"Ishirini na nne."

"Jina, ama uache hicho kiti leo!"

Kiti kile nilikipenda, na niliogopa kukipoteza. Nikamwambia, "Bwana, huyo ni baba mkwe wangu. Jina lake siwezi. Lakini chukua kitabu cha simu, unisomee jina lingine lolote."

Akasoma kwa hasira, toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilimjibu namba zote huku nikiunganisha wateja. Kuna mahali alifika kwenye jina moja la wafanyabiashara wawili, ambao wenzangu waliwachanganya kila wiki.

"Unamtaka yupi?" nikamuuliza. "Wa mahindi ama wa baiskeli?"

Alifunga kitabu polepole. Jumatatu tulikuta kanuni mpya imebandikwa ukutani: semeni namba.

"Nyanya," mjukuu akasema, "hata hizi mashine hazifuati majina, zinafuata namba. Ukiandika jina, kuna seva ingine kazi yake ni kutafuta namba ya hilo jina, ndio ombi lifike."

"Nilikuwa hiyo pia," nikasema, kifua mbele.

Mjukuu huyu mwenyewe ndiye aliyepewa jina la baba mkwe wangu. Ukoo mzima humwita kwa jina hilo. Mimi tangu azaliwe namwita Ishirini na Nne, na kila nikiita, anaitika.