Chumba cha Vitabu cha Shella

Nilisoma shule ya serikali huko Magarini, ambako tulikaa sakafuni, watoto watano kwa kitabu kimoja. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alitupeleka kwenye mashindano ya insha katika shule moja ya Shella, mjini Malindi. Nayo ilikuwa ya serikali. Msichana mwenyeji alinifungulia chumba kilichojaa vitabu toka chini hadi darini. Nikaduwaa.

"Ni vya nani hivi?" nilimuuliza.

"Vyetu sote. Ingia, chukua ukitakacho."

Nilivua viatu mlangoni, kama mtu aingiaye msikitini. Hakunicheka, naye akavua vyake. Mwalimu alipokuja kunitafuta, alinikuta nimeinamia kitabu, hata mashindano nimeyasahau. Hakunigombeza. Alisimama kizingitini, akitazama rafu.